Waya wa Shaba kwenye Injini ya Pijo

Fundi Msabaha wa Bagamoyo huosha injini kwa mkono. Mafundi wa siku hizi hupiga maji ya presha wakamaliza kwa dakika kumi. Yeye, na miaka yake sitini na mitatu, hutumia mafuta ya taa, brashi ya kufulia na bisibisi butu, na kazi humchukua siku nzima.

Mwaka jana Bi Nasrin alimwita nyumbani kwao, Mji Mkongwe wa hapohapo Bagamoyo. Uani palikuwa na Pijo 404 ya marehemu baba yake, mzee Abdulswamad. Binti wa Nasrin alikuwa anaolewa, na familia ilitaka apelekwe kwa gari la babu yake.

"Shikamoo, Fundi. Linawaka, lakini kila linaposimama linaacha dimbwi la oili."

"Marahaba, mwanangu. Tulioshe kwanza. Kwa uchafu huu siwezi kujua linavujia wapi."

Alichomoa betri, akafunika kabureta na distributa kwa mifuko ya nailoni, akaanza kupaka mafuta ya taa. Oili na vumbi la miaka vilikuwa vimeshikana, vigumu kama lami. Alikwangua, akafuta, akapaka tena. Polepole chuma kikaanza kung'aa, zikatokea na namba ambazo hakuna aliyezisoma kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi anayoipenda.

Adhuhuri alifika mbele ya injini, kwenye kifuniko cha cheni, kinachozuia oili isimwagike. Bolti moja ilizunguka kwa vidole tu. Aliivuta. Kwenye meno yake palikuwa pamezungushwa waya mwembamba wa shaba.

Msabaha alikaa chini. Tundu likiisha meno, yeye huzungushia bolti waya ili ishike. Katika gereji yake ya zamani hakuna mwingine aliyefanya hivyo.

Mwaka tisini na nane gari hili lilitoka gerejini kwake, likamwaga oili yote karibu na Mapinga, likarudi likivutwa kwa kamba. Mzee Abdulswamad alikuja amefura kwa hasira, akauliza nani kafunga kifuniko. Msabaha akajibu, "Mrisho." Mrisho alikuwa kibarua wake. Alifukuzwa siku hiyohiyo, jina lake likachafuka mji mzima, akahamia Chalinze. Msabaha hakuhisi kama anasema uongo. Alikuwa na magari manne mkononi. Alisahau kwamba kifuniko alikifunga mwenyewe, au alijisahaulisha. Mpaka leo hajui ni lipi kati ya hayo.

Alimweleza Nasrin yote. Nasrin aliichukua ile bolti, akaigeuza.

"Baba alimsema vibaya yule mtu mpaka anaingia kaburini," alisema. "Kamwambie mwenyewe, Fundi. Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake."

Msabaha alichonga tundu upya, akatia bolti nene zaidi, akaliacha gari liungurume saa nzima juu ya gazeti. Gazeti lilibaki kavu. Kesho yake akaufunga ule waya kwenye kitambaa, akaenda Chalinze.

Alimkuta Mrisho akiziba tairi la lori, ndevu zimekuwa nyeupe. Walisalimiana. Msabaha alifunua kitambaa, akamwonyesha waya.

"Nilijua," Mrisho alisema bila kuacha kazi. "Niliuona siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Wewe fundi, mimi kibarua."

Msabaha alichutama kando ya tairi. Akasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Mrisho aliweka chini kipande cha mpira, akaita kuelekea nyumba ya nyuma: "Ashatu! Njoo kidogo." Mkewe akatoka akifuta mikono. "Huyu ndiye Msabaha. Haya, mwambie na yeye. Aliolewa nami jina langu likiwa limeshachafuka, na ndugu zake walimcheka."

Kulisema kosa lile mara ya pili kulikuwa kugumu zaidi. Msabaha alisimulia tangu mwanzo, wala hakujitetea. Ashatu alisikiliza mpaka mwisho.

"Ndugu zangu wawili bado wapo hai," alisema. "Wanakaa Mapinga. Utapita kwao ukirudi?"

"Nielekeze," Msabaha alijibu.

Alipita kwao jioni ile.

Harusi ilifanyika. Mrisho alialikwa, hakwenda. Lakini siku ya Idd alimpigia Msabaha simu, wakajuliana hali, wakazungumza kidogo kuhusu bei ya tairi, kisha kila mmoja akarudi kwa wageni wake.