Mgeni wa Kompyuta ya Mlangoni

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kukatizwa. Niliwahi kukisimulia kisa hiki kwenye arusi moja, shoga yangu mmoja akacheka mpaka akapaliwa na soda, nami nikaondoka biriani sijaimaliza. Haya yalinitokea mimi, nikiwa macho na akili zangu timamu, ndani ya nyumba ya baba yangu Mji Mkongwe, na shahidi yupo hai mpaka leo. Shahidi mwenyewe ni kaka yangu Nassor. Lakini ukimwuliza hatakujibu, na kwa nini hatakujibu utakuja kujua.

Miaka ile intaneti ndiyo kwanza imeingia Unguja kwa kishindo. Nilikuwa nimeachika, nina watoto wawili na sina kazi. Marehemu baba alituachia nyumba ya ghorofa huko Kiponda. Sisi na mama tulikaa juu, na chini kulikuwa na chumba kikubwa kinachotazama uchochoro, zamani kilikuwa ghala la karafuu. Nikauza bangili zangu za dhahabu, nikanunua kompyuta kuukuu, nikavuta waya wa simu na kufungua duka la intaneti.

Kaka Nassor hakulitaka duka lile hata kidogo. Yeye ndiye mkubwa wetu, ana nyumba yake Mwanakwerekwe, na akisema neno ukoo mzima unakaa kimya. Alikuwa keshapata muuza vinyago anayetaka kukikodi kile chumba. Mama alipomlilia sana akakubali shingo upande, kwa sharti.

"Mie nshasikia yaliyomo humo," aliniambia, akikinyooshea kidole kioo cha kompyuta. "Siku ntakapoona uchafu mmoja tu ndani ya nyumba ya baba, nafunga, na ufunguo nnauchukua."

Nikasema sawa, kaka. Wanangu walikuwa wanakula kwa duka lile, kwa hiyo sharti lake nililala nalo na kuamka nalo.

Sasa nikwambie tatizo la watu wetu na kompyuta. Hatujui kusema hapana. Ukiwa kwenye mtandao hutokea kijidirisha kikakuuliza: unataka programu hii iingie, ndiyo au hapana? Mzungu anasoma, anabonyeza hapana, anaendelea na yake. Mtu wa kwetu hasomi. Kaulizwa, basi ndiyo! Si ndivyo tulivyo? Mtu akipiga hodi tunaitika karibu tungali jikoni, hatujamwona ni nani wala katokea wapi. Basi na mkono ulioshika kipanya ukafuata tabia hiyohiyo. Nilibandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa, MSIBONYEZE NDIYO, wateja wakaisoma, wakausifu mwandiko, na wakabonyeza.

Kwa hiyo Ramadhani ilipoingia na kompyuta ya mlangoni ikaanza vituko, sikushangaa. Ukurasa wa mwanzo ulibadilika wenyewe. Ukiandika anuani hii, inakupeleka kwingine. Madirisha yakawa yanafunguka moja juu ya jingine, kamari, dawa za nguvu za kiume, na wanawake hawana hata kitambaa mwilini. Ndani ya mfungo, jamani! Maalim mmoja wa chuo cha Kurani, aliyekuja kusoma barua ya mwanawe aliye Maskati, alitoka mbio kanzu inapepea. Nilijua tu kwamba habari itamfikia Kaka Nassor.

Nikamwita fundi wangu, Suleiman, mtu mwenye subira kuliko mimi. Akaziondoa programu ngeni, akapitisha dawa ya virusi, haikusaidia. Akafuta kila kilichomo na kupakia upya. Mchana kutwa kompyuta ikawa safi, na ilipokaribia Magharibi uchafu ukarudi palepale.

"Dada, kuna kitu kinajirudisha," akasema. "Hebu tuchomoe waya wa simu."

Tukauchomoa. Niamini ninachokwambia: bila waya, bila mtandao, madirisha yaliendelea kufunguka. Kisha yote yakajifunga kwa mara moja, na kikabaki kijidirisha cheupe. Katikati kiliandikwa neno moja, Hodi. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja tu, kimeandikwa Karibu.

Nakuuliza, miaka ile nani alikuwa akitengeneza programu kwa Kiswahili? Na kitufe cha hapana kilikuwa wapi? Suleiman alikichomoa kile chombo kwenye umeme, akasema leo tuishie hapa, akaenda zake bila kunawa hata mikono ya futari.

Hapo ndipo akili yangu ilipomrudia yule bibi.

Siku za mwanzo za mfungo, adhana inaadhiniwa na tende iko kinywani, nilisikia mtu anabisha. "Hodi." Nami, bila ya kuinua kichwa kwenye bakuli la uji, nikaitika karibu. Akaingia mwanamke mtu mzima, kavaa buibui la kizamani, lile la kufungwa kwa kamba kichwani ambalo mara ya mwisho nilimwona nalo bibi yangu. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitika marahaba. Nikamsogezea tende, hakunyoosha mkono.

"Nifungulie, mwanangu," alisema. "Nnamtafuta mtu."

Akakaa kwenye kompyuta ya mlangoni. Nilidhani ni mmoja wa wazee wa mtaani anayetafuta jamaa zake Uarabuni, wapo wengi. Nikarudi kwenye uji wangu, na nilipogeuka hayupo, kiti kimelowa na kinanuka chokaa mbichi. Tangu siku ile kila Magharibi alikuja. Hodi hakupiga tena, alikuwa keshakaribishwa. Nami kwa pirika za futari sikujiuliza mbona hagusi kibodi, mbona mikono yote miwili iko ndani ya buibui na kurasa zinakwenda tu.

Suleiman aliporudi alilichukua boksi zima la kompyuta akaenda kulifungulia kwake. Juu ya meza kilibaki kioo na kibodi, na nyaya zinaning'inia hazikushika kitu. Nikasema leo angalau ntafuturu kwa amani.

Magharibi ilipofika bibi akaingia, akakaa mahali pake. Kioo kikawaka.

Kurasa zilipita mbiombio, moja baada ya moja, halafu kioo kikazima kikawa cheusi, na ndani ya ule weusi nikakiona chumba changu. Niliiona taa, nikajiona mwenyewe nimeshika bakuli. Kiti cha bibi, mle ndani ya kioo, kilikuwa kitupu. Na yeye yuko mbele yangu, kakaa, namwona mgongo wake, kamba ya buibui imefungwa kisogoni. Sijui nilizipandaje ngazi. Bakuli walilikuta kesho yake chini ya meza.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi imesimama mkononi.

"Ramadhani mashetani wamefungwa," akasema. "Kama huyo hakufungwa, basi si shetani. Mie sijui ni nini, mwanangu, na sitaki kujua. Ulimkaribisha?"

"Nlimkaribisha, mama."

Akafumba macho, akaanza kusoma.

Kesho yake nilimpigia simu Suleiman. Kisa cha bibi sikumwambia, nilimwuliza habari za programu tu: inatolewaje? Akanijibu kwamba programu ya namna ile ikishakuwa ndani na inafanya kazi huitoi, kila ukiifuta inajirudisha. "Lazima uizuwie mlangoni, dada. Ikiomba ruhusa tena, hapo ndipo uiambie hapana." Nikaweka simu chini. Ili yule bibi aombe ruhusa tena, lazima akute mlango umefungwa.

Na siku hiyohiyo, kama aliyetumwa, nani anateremka uchochoroni kabla ya adhana? Kaka Nassor. Maalim alikuwa keshasema yake. Akaingia, akavuta kiti, akakaa akiipa mgongo ile meza ya mlangoni.

"Leo nafuturu hapa," akasema. "Nnataka kuona kwa macho yangu. Na ufunguo uweke hapa mezani."

Nikauweka. Nikaenda mlangoni, nikaurudisha mlango na kutia komeo.

"Nini tena?" akaniuliza. "Tangu lini nyumba ya baba inatiwa komeo wakati wa futari? Akipita mtu hana pa kufuturu?"

Adhana ikaanza. Akachukua tende, akapiga bismillahi, akaitia mdomoni.

"Hodi."

Sauti ileile, taratibu, ya mtu mwenye adabu zake. Nyuma ya kaka, kioo kisichounganishwa na chochote kilianza kung'aa cheupe. Kaka yangu ni Mzanzibari, mtu kabisha na wakati ni wa futari, ungetaka afanye nini? Mdomo ulishafunguka. "Ka..." Nikaruka nikauziba kwa kiganja, na tende yake humohumo.

"Hapana!" nikasema kuelekea mlangoni. "Usiingie! Hapana nafasi yako hapa, rudi ulikotoka!"

Maneno hayo sikuwahi kumwambia mtu yeyote katika maisha yangu. Niliona aibu, wallahi, pamoja na hofu yote niliyokuwa nayo niliona aibu. Kioo kikazima. Harufu ya chokaa ikapotea, na nikajua kakubali kwenda.

Kaka aliutupa mkono wangu. Hakuona kitu, kioo kilikuwa mgongoni kwake. Alichokisikia ni bibi wa watu anabisha hodi na dada yake anamfukuza.

"Unamfukuza mtu kwenye futari?" Macho yalikuwa mekundu. "Ndani ya nyumba ya baba?"

Akafyatua komeo, akatoka. Nikamkimbilia, nikamshika kanzu, akanisukuma. Nikamsikia huko uchochoroni anaita kwa ile sauti yake nzuri ya ukubwa wa ukoo.

"Bibi! Bibi, usende! Tuwie radhi, huyu hana adabu. Karibu kwangu, mie nakaa Mwanakwerekwe. Karibu siku yoyote, saa yoyote, mlango wangu haufungwi!"

Nilipofika kizingitini alikuwa kasimama peke yake, anatazama huku na huku.

"Alikuwa hapa sasa hivi," akasema. "Kaitikia ahsante, mbona simwoni?"

Aliondoka kwa hasira na ufunguo akausahau mezani. Boksi lilirudi, Suleiman akaliunganisha, na kompyuta ile ikafanya kazi safi mpaka siku nilipoiuza. Duka langu likasomesha wanangu. Kaka hakuja kuudai ufunguo. Mwanzo nilishukuru, nikadhani anaona haya kwa kunisukuma.

Idd pili nikawachukua watoto twende tukampe mkono wa Idd. Mlango wake ambao haufungwi ulikuwa na makomeo matatu mapya, mchana kweupe. Wifi yangu alinifungulia, macho yamemvimba. Kaka alikuwa sebuleni mbele ya televisheni. Inawaka, nyeupe tupu, na waya wake umekunjwa vizuri juu yake. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kimelowa. Niliinusa ile harufu ya chokaa nikawarudisha watoto nje.

"Mwambie hapana," nikamnong'oneza. "Lazima wewe mwenyewe, kaka. Funga mlango, akibisha mwambie hapana."

Akanitazama. Huyu mtu mkubwa, aliyekuwa akinitisha tangu utotoni, alikuwa analia.

"Nafunga kila siku," akasema. "Akibisha nauma meno. Nauziba mdomo kwa mikono miwili, na bado naisikia sauti yangu inaitika."

Walikwenda masheikh, walisoma, wakarudi. Hayo ni ya zamani sasa, na hali ni ileile; kaka hazungumzi tena na mtu, anaogopa akifungua mdomo atakaribisha. Nami ndiye niliyemtoa bibi yule kwangu na kumwacha uchochoroni, kaka yangu akamchukua. Hilo ninalo moyoni kila nikisikia adhana ya Magharibi.

Basi ukija kwangu jioni ukabisha, nitakuuliza wewe nani, mwana wa nani, na jina lako lote. Ukiudhika, udhika. Na hicho kijidirisha kinachokutokea kwenye simu yako, unachokibonyeza ndiyo ili kikuondokee haraka, kisome kwanza. Na kama utapita Mwanakwerekwe wakati wa kufuturu ukasikia mwanamume anaitika karibu, karibu, ndani ya nyumba iliyofungwa, na pale mlangoni huoni mtu, usisimame. Huyo ni kaka yangu, na wala si wewe anayekukaribisha.