Mtoto Aliyetanguliza Meno ya Juu

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nilipiga vigelegele kabla ya kutazama nilichokuwa nakipigia. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimekosea mengine mengi, lakini hilo ndilo ninalowasimulia wajukuu zangu kila wanaponiuliza kwa nini sipendi habari za nuksi na mikosi.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita hivi, sijaolewa, nakaa na bibi yangu mzaa baba katika kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kutoka boma la Handeni. Ulikuwa wakati wa Mdachi. Kaka yangu Sefu alikuwa amekwenda Ngombezi kukata mkonge, akatuachia mkewe Mwanaidi na mtoto wao wa miezi saba, Mhina. Mtoto mwenyewe mcheshi, ukimwangalia tu anacheka.

Siku hizo, kwetu, jino la kwanza la mtoto lilikuwa na mwenyewe. Shangazi ndiye aliyekuwa na haki ya kulitafuta kwa kidole, na akilipata anapiga vigelegele, majirani wanakuja kushangilia, naye anapewa kuku. Mhina hakuwa na shangazi mwingine ila mimi. Kuku yule nilikuwa nimeshamchinja na kumla mara kumi kichwani mwangu.

Basi namwogesha mtoto uani, kidole changu kikagusa kitu kigumu kama punje ya mtama. Hata sikumfunua mdomo. Nilipiga vigelegele vilivyosikika mpaka kisimani, wanawake wakaja mbio na mikono yenye unga. Aliyetangulia kufika ni Bi Mwantumu, mama mtu mzima aliyekuwa msimamizi wa mila zote za watoto pale kijijini. Akamchukua Mhina, akaunyanyua mdomo wake wa juu kwa kidole gumba, na kelele zote zikaisha.

Meno yalikuwa mawili. Yote ya juu. Chini hakukuwa na kitu.

Wewe umezaliwa juzi, huenda neno kigego hujalisikia. Ni mtoto anayeanza kuota meno ya juu. Watu waliamini kwamba kila jino linalofuata litamwondoa mtu mmoja wa ukoo, na mvua itafungwa. Mtoto wa namna hiyo hakulelewa. Wazee wa kike walimpeleka porini, na mama yake akikatazwa kumlilia. Akida wa Mdachi alikuwa amekwisha kupiga marufuku jambo hilo, kwa hiyo lilifanywa kimyakimya, na mtu akiuliza anaambiwa mtoto alishikwa na homa.

"Kesho kutwa," alisema Bi Mwantumu, akamrudishia Mwanaidi mtoto wake. Hakusema kwa ukatili, naomba unielewe. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Aliamini anaokoa nyumba thelathini.

Wote walipoondoka, bibi yangu aliniita ndani. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alisema, "Ungenyamaza, tungemficha mpaka ya chini yatoke, na hakuna ambaye angejua. Wewe umewaita watu kwa ajili ya kuku. Sasa niambie, mtoto huyu utamweka wapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini aibu ile ndiyo iliyonipa miguu, maana kesho yake mchana, watu wakiwa mashambani, mimi na wifi yangu tulichukua nguo chafu na vibuyu kama watu wanaokwenda kufua, tukapita mto wetu bila kusimama. Mhina alikuwa mgongoni kwangu. Tulitembea siku mbili na nusu, tukavuka Pangani kwenye daraja la magogo pale Korogwe ya zamani, tukafika Ngombezi miguu imevimba. Sefu alipotuona alidhani tumekuja kumpa habari ya msiba.

Maisha ya kambini nisikudanganye kuwa yalikuwa mazuri. Vibanda vilibanana, maji machafu, na nokoa, yule msimamizi wa kazi, alitembea na kiboko. Lakini pale palikuwa na watu wa kila namna: Wazigua, Wasambaa walioshuka milimani, Wanyamwezi waliotoka mbali kufuata kazi. Mimi nilikuwa na kazi moja tu, kuficha mdomo. Kila Mhina akicheka, namfunika kwa kanga. Na mtoto mwenyewe, kama nilivyokwambia, alicheka kutwa.

Jirani yetu Kalunde, mwanamke wa Kinyamwezi, mnene, mkunjufu, aliniuliza siku moja mtoni, "Mwenzangu, mtoto ana kidonda mdomoni?"

Nikasema hana. Kanga ikateleza, Mhina akamchekea kwa meno yake mawili. Nilifunga macho, nikangoja Kalunde apige yowe. Nilipofumbua alikuwa anasuuza nguo yake. "Meno mazuri," alisema. "Atakula nyama mapema."

Nikamweleza, maana niliona bora asikie kwangu. Kalunde alicheka mpaka akakaa ndani ya maji na nguo zake. "Kwa ajili ya meno?" akawa anauliza. "Kwa ajili ya meno tu?" Nikamkasirikia. Nilikuwa nimekimbia nyumbani kwetu kwa ajili ya meno hayo, yeye anayacheka.

Wiki hiyohiyo zamu yangu ikafika. Tulikuwa tunabeba kuni, kinyonga akaanguka kutoka mtini, akatua juu ya mzigo wa Kalunde. Mwanamke yule, mwili wote ule, alitupa kuni akakimbia mpaka kwenye mashine za mkonge, akasema hataigusa tena hata nguo aliyovaa, maana kinyonga ameshamwandikia kifo. Mimi nilikuwa nacheza na vinyonga tangu utotoni. Nilimwondoa kwa kijiti, nikamweka kwenye jani, na nikacheka nikalipa deni lote la mtoni.

Lakini kilichonifungua macho hasa ni paka. Bwana shamba, Mdachi mwenyewe, alipita mbele ya vibanda vyetu asubuhi moja juu ya nyumbu wake. Mtu yule hakuogopa chochote. Aliwahi kumfuata simba kwa miguu. Tukasimama wote kwa heshima, yaani kwa woga, sema kweli. Paka mmoja mweusi, mali ya mpishi wake, akakatiza njia taratibu. Bwana shamba akavuta hatamu. Akatema mate mara tatu pembeni, akamgeuza nyumbu, akazunguka shamba zima kwa njia ya mbali, jua linawaka. Mpishi, Msambaa mmoja mzee, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba ndivyo alivyo siku zote, kwao Ulaya paka mweusi akikukatia njia umekwisha.

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka alipopotelea kwenye mikonge. Halafu kambi nzima ikalipuka. Paka mwenyewe alikuwa amekaa juani anajilamba.

Mimi nilicheka pamoja nao. Kisha nilimwangalia Mhina chini pale, anatafuna kisigino cha kiatu cha baba yake. Nikajiambia: bwana shamba anaogopa paka, Kalunde anaogopa kinyonga, na sisi tunamwogopa huyu. Paka nalala naye, kinyonga namshika mkononi, na huyu Kalunde anambusu kila siku. Kila mmoja ametoka na woga wake kwao kama alivyotoka na mkeka wake. Tofauti ni kwamba paka anajua kukimbia. Huyu wetu hajui.

Mwaka uliofuata homa iliingia kambini, ikawa inachukua watoto. Kibanda cha kwanza, cha tatu, cha tano. Wifi yangu alikuwa na mimba nyingine, hawezi safari. Sefu akasema Mhina aondoke, lakini aende wapi? Hatukuwa na kwingine ila kijijini. Ndipo Kalunde akatoa shauri. Mhina alikuwa ameshazoea kushinda kwake, naye alimwita kila mwanamke "mayu", yaani mama kwa Kinyamwezi. "Sema ni wangu," alisema Kalunde. "Sema unanilelea."

Mwanaidi alimnyonyesha kwa mara ya mwisho mlangoni, akanipa, akarudi ndani. Uchungu ule niliubeba njia nzima pamoja na mtoto.

Nilifika kijijini nikasema uongo, mwanangu, na sitakuficha. Nikasema huyu ni mtoto wa rafiki yangu wa kambini. Bibi yangu alimtazama mara moja tu, akajua, akaenda kumpikia bada, ugali wa muhogo, na mlenda. Wengine waliona mtoto mwenye meno yote juu na chini, anaita watu "mayu", wakaamini. Kuhusu yule wa Sefu hakuna aliyeuliza. Walikuwa wameshajiambia kwamba tulimwacha porini huko njiani.

Na Mhina akafanya kazi yake ya kucheka. Bi Mwantumu alikuwa hana mjukuu, basi akamfanya wake. Kila asubuhi anakuja kumchukua, anambeba mgongoni kwenda shambani, anampoozea uji kwa pumzi yake mwenyewe. Masika yalikuja kwa wakati. Mahindi yakainama kwa uzito. Katika miezi hiyo yote kijiji chetu hakikumzika hata mtu mmoja.

Siku ya kula mahindi mapya watu wote walikusanyika uwanjani kwa bibi yangu, saa nne asubuhi, jua zuri. Bi Mwantumu amekaa na Mhina mapajani anamlisha. Bibi yangu akanigusa kiwiko. Nikasimama. Nikapiga moyo konde.

"Shikamooni wazee wangu," nilisema. "Niliwadanganya. Mtoto huyu si wa Mnyamwezi. Huyu ni Mhina wa Sefu, yule wa meno ya juu. Amekula nanyi, amelala katika nyumba zenu tangu kupanda mpaka kuvuna. Nionyesheni kaburi alilolichimba."

Watu waligeukiana. Mama mmoja alivuta watoto wake nyuma. Mwanamume mmoja alianza kusema jambo la porini, akakatisha, maana wote walikuwa wanamtazama Bi Mwantumu, na mkono wake ulikuwa umesimama hewani na kata ya uji. Alimshika mtoto kidevu. Akamfunua mdomo wa juu kwa kidole gumba kama siku ile, akatazama. Mhina akadhani ni mchezo, akamuuma kidole.

"Ameshakula uji wangu tangu masika," alisema Bi Mwantumu polepole. "Kama huyu anaua, mimi ningekuwa wa kwanza." Akamvuta mtoto karibu. "Nimewapeleka watatu katika maisha yangu. Watatu." Akalia mbele ya watu, mwanamke ambaye hatukuwahi kuliona chozi lake likianguka. Kisha akampangusa mtoto pua kwa upande wa kanga yake, akaendelea kumlisha, na akawaambia waliosimama, "Kaeni mle. Mtoto wangu hajashiba."

Wakakaa. Nasema wakakaa wote, mwanangu, hata yule aliyevuta watoto. Ngoma ilipigwa mpaka jua likapinda, na bibi yangu, na mgongo wake ulioinama, alicheza katikati. Sefu na Mwanaidi walirudi baada ya siku chache, na mdogo wake Mhina mikononi. Tangu mwaka ule, katika kijiji chetu, meno yametoka yanavyotaka, juu, chini, pembeni, na Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa akitembea mlango kwa mlango kuwaambia mama wachanga wasiogope. Hakuacha mpaka alipofariki.

Sikwambii uwacheke wazee kwa waliyoyaamini. Walikuwa wanatetea nyumba zao kwa walichofundishwa, na wewe pia una vyako unavyovitetea bila kuvipima. Ninachokuusia ni hiki. Ukiambiwa ogopa mtu, mtoto, mgeni, mwenye ngozi tofauti au kiungo kilichopungua, kaa naye kwanza. Kula naye. Mpe muda wa kupanda na kuvuna, kisha ndipo uamue. Na ukiwa na neno mdomoni linaloweza kumwondoa mtu duniani, lishike, hata kama umeahidiwa kuku. Likikuponyoka, usikae kujilaumu tu, nyanyuka ukalirudishe, hata kwa mwendo wa siku mbili na nusu.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya kusema, mwanangu. Akupe watoto, na wakija na meno ya juu, ya chini, au bila meno kabisa, uwapokee wote kwa mikono miwili, nao wakuzike ukiwa umeshiba siku.