Sakafu Isiyofichika

Mtaani kwetu, ikisikika tu kwamba watu wa kuhesabu wa ule mradi wa kusaidia maskini wameshuka kwenye gari kule barabarani, vitu vinaanza kuhama. Redio inavuka uchochoro, godoro linapitishwa dirishani, kuku wanafungiwa chooni. Si wizi, tunafichiana. Watu hao huja na simu pana kama sinia, wanauliza una nini na nini, na anayeonekana na vitu anaambiwa amekwisha kuvuka umaskini, msaada wake unapelekwa kwa mwingine. Nami, Mungu anisamehe, mwaka ule niliipeleka cherehani yangu kwa jirani yetu Kinyozi, akaifunika shuka la kunyolea, nikakaa mlangoni mikono mitupu kama yatima.

Wifi yangu hakuhamisha kitu. Alichokuwa nacho hakibebeki. Kilikuwa sakafu.

Wifi huyu ni mke wa marehemu kaka yangu. Mtaa mzima unamwita Zege, kwa kuwa ndiyo kazi yake, kupandisha karai za zege kwenye majengo ya watu mpaka ghorofa ya nne. Kaka alipofariki, watu walidhani atafunga mizigo arudi kwao. Hakurudi. Alibaki na mama yetu mzazi, na walipomuuliza akasema, "Kwani niliolewa na mtu mmoja?"

Mama ana kisukari. Kila asubuhi ni sindano, na sindano zinapatikana kwa kadi ya matibabu ya mradi. Mwaka juzi akapata kidonda unyayoni. Chumba chake kilikuwa cha udongo. Ukifagia, vumbi linapanda hewani kisha linatua pale pale kwenye kidonda. Daktari alisema bila kuzunguka: kidonda hiki na vumbi hili, mguu tutaukata. Siku hiyo Zege alirudi nyumbani akaitazama ile sakafu kama mtu aliyemtukana.

Saruji ya kununua hakuwa na uwezo nayo. Lakini pale kazini mifuko ikishamwagwa hutupwa, naye akaanza kuiomba mitupu, akiikung'uta mmoja mmoja juu ya ndoo. Mifuko kumi inatoa kopo moja, ukibahatika mawili. Na saruji ya namna hiyo haingoji kesho, ikinyonya unyevu inaharibika. Kwa hiyo kila jioni alipiga kiraka cha siku hiyo. Siku nzuri kilikuwa kikubwa kama sinia, siku mbaya kama kiganja. Alikwenda hivyo miezi kumi na minne. Kila kiraka kina rangi yake, kimoja kijivu, kingine kimekolea kidogo, lakini ukipitisha mkono hukwami popote. Kidonda cha mama kikafunga.

Sasa karani wa kuhesabu, binti mpole mwenye miwani, alifika mlangoni kwa Zege, akachungulia, akasema, "Oo, saruji," akabonyeza simu yake, akaenda zake. Hata ndani hakuingia. Baada ya mwezi karatasi ikabandikwa ofisi ya mtaa: kaya ya Zege imevuka umaskini, na kadi yake itakoma mwisho wa mwezi. Chini yake kulikuwa na mwaliko, aje mkutanoni apewe cheti mbele ya wageni.

Jioni Kinyozi akaja na akili zake.

"Shemeji, unaruhusiwa kuomba wahesabu upya. Mwaga karai tatu za udongo, tandaza, nyunyiza maji. Wakija wakute vumbi. Wakiondoka, fagia."

"Halafu?"

"Halafu nini? Kadi inarudi!"

"Na mwakani?"

"Mwakani unamwaga tena. Kwani udongo unauzwa?"

Nilimuunga mkono, sifichi. "Wifi, ni siku moja tu. Kwa ajili ya mama."

Zege akanigeukia. Hakupaza sauti. "Wifi, wewe unayesali hivyo, unaniambia nirudishe vumbi kwenye mguu wa mama yako?"

Mama akadakia kutoka kitandani, "Na mwenye mguu haulizwi? Mnanigawana kama nimeshakufa!"

"Haya mama, sema," Kinyozi akamwambia.

"Atakayemwaga udongo humu ataulamba. Nimemaliza."

Siku ya mkutano kulikuwa na hema, viti vya plastiki, na bango refu lenye miraba ya rangi, malengo ya dunia nzima, la kwanza likiwa umaskini uishe kila mahali. Sina ugomvi na lengo hilo. Nami huliomba kila siku nikiwa nimepiga magoti. Mkuu wa mradi alisoma orodha ya waliovuka, makofi yakapigwa, kisha akamwita Zege mbele.

"Mama, waambie wageni mradi umekutoa wapi. Kwa kifupi tu."

Zege akasimama pale na kandambili zake zilizoganda saruji.

"Kadi yenu imemtibu mama mkwe wangu, na kwa hilo Mungu awabariki. Lakini sakafu si yenu. Sakafu nimeipiga mimi kwa mifuko ya kutupwa. Mmeiona, mkasema nimevuka. Nimevuka kwenda wapi? Mwezi ujao mgonjwa wangu nimchome sindano ya saruji?"

Watu wakaangua kicheko. Mkuu naye akajaribu kucheka. "Asante mama, ujumbe umefika."

"Haujafika, bado uko njiani. Cheti sikitaki. Nifuteni kwenye hesabu ya mliowatoa kwenye umaskini. Siku nikitoka nitakuja kuwaambia mwenyewe, mdomo ninao. Na mkija kupima nyumba yangu, ingieni ndani, mpime na aliyelala."

"Lakini mama, wenzako hawa wasio na chochote je? Huoni kwamba wao wanahitaji zaidi?"

Zege akatutazama sote tuliokaa kwenye vile viti. Alijua cha kila mtu kimefichwa wapi. Neno moja lingemtosha kushinda, na hakulisema. Alikunja midomo tu, mkuu akaanza kumwonyesha njia ya kurudi kwenye kiti.

Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Nilijikuta nimesimama.

"Mimi nina cherehani," nikasema. "Mlipokuja nilikuwa nimeificha. Kwenye karatasi zenu mimi sina kitu, na huyu anayebeba zege ndiye tajiri. Tunaficha kwa sababu mtu akijitahidi mnamwadhibu. Mnatufundisha kuwa waongo, nami nimechoka kutubu dhambi ile ile."

Kinyozi akainama haraka kufunga kamba za viatu, naye alikuwa amevaa kandambili. Hakuna mwingine aliyesimama. Siwalaumu, wana watoto.

Wiki ile ile jina langu likakatwa, na unga wa kila mwezi niliokuwa nikipewa na mradi ukaisha. Nilisikia uchungu, lakini usingizi niliolala siku hizo ulikuwa mtamu. Kwa Zege, karani yule wa miwani alirudi kupima upya. Safari hii alivua viatu, akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda cha mama. Kumbe simu yake ilikuwa na swali la mgonjwa wa kudumu siku zote, ila hakulifikia kwa kuwa aliishia mlangoni. Kadi ikarudishwa, kwa miezi sita, kisha watapima tena.

Akiwa anavaa viatu, karani akanong'ona, "Mama, nakushauri tu kama mwanao. Hiyo miezi sita usiongeze kitu. Hata rangi usipake."

Zege akaweka mikono kiunoni. "Toa hiyo simu."

"Ya nini, mama?"

"Andika mlango wa chuma."

"Mbona haupo?"

"Utakuwepo. Andika na dirisha la vioo. Andika sakafu ya jikoni, hiyo naianza leo. Sitaki mje mshtuke tena, mkimbie na kadi ya mgonjwa."

"Mama, humu hamna pa kuandika vitu ambavyo havipo."

"Basi andika pembeni."

Binti akaigeuza simu, akitafuta pembeni ni wapi. Ndipo mama akapaza sauti kutoka ndani:

"Na choo cha kukaa! Mwanangu, usisahau choo cha kukaa!"