Mkono Wangu Mgongoni mwa Dada

Dada yangu alikuwa mshonaji. Mtaani walimwita Sentimita, kwa sababu mteja akisema "punguza kidogo", yeye aliuliza, "Kidogo ndiyo sentimita ngapi?" Kiharusi kilipompiga, upande wote wa kushoto ulikufa ganzi. Mkono ulirudi kiasi, lakini hata ukimfinya mbavu za upande ule hakusikia kitu, na kiwiliwili kiligoma kabisa. Tukimweka kwenye kigoda cha cherehani, alikwenda upande kama gunia. Kutembea hakukuomba. Alichomwomba Mungu kila asubuhi ni kukaa mwenyewe mbele ya cherehani yake.

Hospitali walitutuma kwa mwalimu wa farasi, mama mfupi mwenye mabuti ya mpira, anayewafundisha wagonjwa kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya shule. Alitueleza kwamba mwendo wa farasi hutikisa kiuno, na taratibu mwili hujifunza upya kujishika.

"Yaani kiti kimenishinda, ndiyo mnanipa mnyama?" dada aliuliza.

"Huyu ni bibi kizee, dada yangu. Hana haraka kuliko wewe."

Tulimpandisha kwa kiti cha magurudumu hadi juu ya jukwaa la mbao, mwalimu akamvusha mguu. Mtunza farasi alishika kamba mbele, mwalimu akasimama kulia, mimi kushoto.

"Wewe, mkono juu ya paja lake, basi," mwalimu aliniambia. "Akiinama usimwinue. Mwache ajitafute. Akizidi, nitasimamisha farasi."

Hatua chache tu, dada akaanza kuniinamia. Shingo ilimtetemeka. Huyu ndiye aliyenilea mama alipofariki, akanishonea sare ya shule kwa kitambaa cha pazia. Sikuweza kumtazama. Nilipenyeza mkono wa pili chini ya sweta lake, nikamkaza mgongoni. Mwalimu hakuuona, na dada mwenyewe hakuusikia. Akanyooka.

"Umeona?" alisema, akicheka kwa nusu ya mdomo. "Sentimita bado yupo."

Wiki tatu nilifanya hivyo. Mwalimu aliandika kwenye daftari lake kwamba mgonjwa amekaa raundi nne bila msaada. Dada alituagiza tuipake cherehani mafuta, akakubali kushona majoho ya kwaya. Kanisani tulitoa shukrani, nami nilisimama mbele ya watu nikaimba.

Wiki ya nne mwalimu alisema tubadilishane pande. Farasi hakumaliza hata raundi moja. Dada alimwangukia mwalimu begani.

"Mbona wiki iliyopita ulikaa vizuri?" mwalimu alishangaa.

Dada akanitazama. "Mkono wako ulikuwa wapi?"

"Mgongoni."

"Siku zote?"

"Zote, dada."

Mwalimu hakunifokea. Alisema wiki tatu si nyingi, tutaanza upya, wengine huchukua miezi miwili kabla mwili haujaitika.

"Nishusheni," dada alisema.

Hakurudi tena. Nilimbembeleza, nikamleta hata mchungaji. Dada alimsikiliza kwa adabu, akamwambia ampe mshonaji mwingine yale majoho. Kiharusi cha pili kilimkuta kitandani, miezi minne baadaye, kikamchukua.

Waumini wenzangu huniambia ni mapenzi ya Mungu, nami huitikia amina. Lakini miezi minne ni mara mbili ya ile miwili aliyoitaja mwalimu. Hesabu hiyo naifanya hata katikati ya sala, na siwezi kumsingizia Mungu kazi ya mkono wangu.

Namwomba Yeye msamaha. Dada sikuwahi kumwomba; nilingoja anigombeze kwanza, nipate pa kuanzia. Hakunigombeza. Jioni yake ya mwisho nilimuuliza kama anataka nimkalishe kidogo, nimwekee mito.

"Hapana," alisema. "Nigeuze ukutani."

Nikamgeuza.