Kumuuliza Mzee Petri Jambo Moja Moja

Saa moja na nusu asubuhi, siku yangu ya kwanza kazini katika hospitali ya Morogoro mjini, Dresa Mkuu alinikabidhi bakuli la pamba. Dresa alikuwa mfunga vidonda na mgawa dawa. "Kijana, mgonjwa si pipa," aliniambia. "Usimmiminie maneno. Sema moja, ngoja."

Ilikuwa miaka ya arobaini. Ya hamsini ilipoanza nilihamishiwa zahanati ya Kinole, chini ya Bwana Mganga Msaidizi aliyepanda mlima kila mwezi kukagua dawa. Huko nilimhudumia Mzee Petri. Mkono wake ulitetemeka hata akiwa ametulia, hatua zilikuwa za kuburuta, na uso haukuonyesha furaha wala hasira. Bwana Mganga aliutaja ugonjwa huo kuwa ni Parkinson, akaniambia niangalie viungo. Habari ya akili hakuigusa.

Kiangazi kimoja jumbe alitangaza kwamba mtu asichome shamba kabla ya kufyeka njia ya moto, ule ukanda mtupu unaozuia moto kuvuka. Mzee Petri alichoma kwanza, akafyeka baadaye. Migomba ya jirani yake ikateketea.

Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na mkuu wa ukoo wa Mzee Petri akafika barazani kwa jumbe kutaka shamba lirudishwe kwa ukoo.

"Amekuwa punguani," alisema. "Tena ana dharau. Tazama anavyotukodolea macho."

"Dharau gani, shemeji?" mke wa Mzee Petri alimjibu. "Uso ndio umegoma. Ulipoteleza mtoni na suti yako ya Pasaka, sote tulicheka. Yeye je, alicheka?"

Jumbe akauliza, "Mzee, tangazo la kwamba mtu asichome kabla ya kufyeka, ulipolisikia hukuona kwamba linakuhusu wewe uliye juu ya mteremko?"

"Nimechoma," Mzee Petri alijibu polepole. "Na nimefyeka."

Watu wakaguna. Niliomba ruhusa, nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Tangazo ulilisikia?"

Nikangoja. Mtu nyuma yangu alianza kumjibia, jumbe akamnyamazisha.

"Marahaba. Nilisikia."

"Walitaja kazi gani kwanza?"

"Kuchoma."

"Tukitaka moto usivuke, tuanze na ipi?"

Nikangoja tena, muda mrefu zaidi.

"Kufyeka. Hilo hata mtoto analijua."

Jumbe aliweka kalamu chini. Aliamua shamba libaki kwa Mzee Petri, na matangazo apelekewe nyumbani, kazi moja moja, kwa mpangilio wa kuzitenda.

Tangu nistaafu nimejisomea vitabu vya tiba, nami nimeelewa zaidi. Ugonjwa ule unaweza kupunguza mwendo wa fikra kama unavyopunguza mwendo wa miguu. Maneno marefu humponyoka mgonjwa kabla hajayapanga, ilhali aliyoyajua zamani bado anayo. Wapo wagonjwa wanaopotewa na mengi zaidi ya hayo. Ninyi mnaoanza kazi, msipime akili ya mtu kwa haraka ya jibu lake.

Siku ile baraza lilitaka kumsamehe hata fidia ya migomba, kama anavyosamehewa mtoto. Mzee Petri alikataa. "Moto ni wangu," alisema. "Nitalipa." Alilipa shilingi kumi na mbili.