Jiwe Lililokuwa Likinunua Mchele

Kila Jumanne jiwe moja lilikuwa linakuja kununua mchele dukani kwetu.

Si utani. Jiwe.

Linafika kabla ya wengi, linakaa la tatu kwenye foleni, linapimiwa pishi zake mbili, na mwenyewe haonekani.

Wallahi nimelipimia kwa mikono yangu hii.

Mwaka wa sabini na moja huo. Mie naitwa Mize. Nimesoma msingi tu, nikapata kazi ya kupima kwenye duka la ushirika la mtaa wetu, vichochoro vya nyuma ya Mkunazini. Mchele ulikuwa taabu. Ukija na meli, unatufikia Jumanne, magunia machache, na mtaa mzima unaungoja.

Sasa nani atasimama tangu alfajiri mpaka saa tatu? Watu wana wagonjwa, wana vibarua, wengine zamu yao ya kujitolea kujenga majumba ya Michenzani. Ikawa desturi, unaweka kitu chako kwenye mstari, unakwenda zako. Mwenye pakacha, pakacha. Mwenye kifuu, kifuu. Pandu hamali akiweka mtalawanda wake, kiatu chake cha mti, mmoja tu.

"Na wa pili je?" nilimuuliza siku moja.

"Umebaki nyumbani, unamlinda mke wangu."

Ndiyo Pandu huyo.

Kitu chako ndiyo wewe. Hakuna wa kukisogeza. Zamu ikifika na mwenyewe hayupo, mie napima, naweka pembeni mpaka alasiri. Asipotokea, meneja anaubeba kuupeleka ghalani, na hapo hapana wa kuuliza tena. Magunia yakihesabiwa na kamati ya ushirika. Mchele uliokwishapimwa hauhesabiwi.

Sheria hiyo kaiweka meneja wetu, Bwana Mcha.

Bwana Mcha mtu wa maneno. Kila Jumanne husimama barazani, shati limepigwa pasi likanyooka.

"Ndugu zanguni! Hapa hakuna bwana wala mtwana. Foleni ndiyo usawa!"

Watu wanapiga makofi huku matumbo yanawanguruma.

Na lile jiwe limefungwa kitambaa chekundu, likazungushwa uzi mweusi. Kitu cha mganga hicho, nani atakigusa? Mwanamke mmoja alilisogeza kwa mguu, jioni yake akateguka ngazini kwake. Basi, ikawa hadithi ya mtaa.

"Shikamoo jiwe," Pandu akilipita, na kofia anavua.

Mie pengine nisingejali. Lakini kulikuwa na Bi Mwanapili.

Mjane, mtu mzima, analea wajukuu watatu mayatima. Mpaka awalishe, awavishe, awapeleke chuoni kusoma Kurani, pakacha lake likawa la mwisho siku zote. Jumanne tatu mfululizo mchele umemwishia yeye. Mara ya tatu nilikung'uta gunia mbele yake, zikatoka punje mbili na vumbi.

"Nisamehe, Bi Mwanapili."

"Si wewe, mwanangu."

Akazitazama zile pishi mbili za jiwe, zimekaa pembeni zinangoja.

"Hivi hilo jiwe," akasema, "lina watoto wangapi?"

Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki changu.

Nikaanza kutazama. Kusema sijui sana, lakini kutazama najua.

Mlango wa ghala letu mzito, ukiuachia unajibamiza, na kwa ndani haufunguki. Huzuiwa na jiwe la matumbawe. Jumanne ile niliingia kuchukua gunia, nikajigonga muundi wa mguu kwenye debe la mafuta ya taa. Debe ndilo lililozuia mlango. Jiwe halipo.

Jumatano, jiwe limerudi.

Jumanne iliyofuata, debe. Jumatano, jiwe.

Nikainama kama nafagia. Jiwe la matumbawe lina vitundu vitundu. Kwenye kitundu kimoja kumenasa uzi wa kitambaa.

Mwekundu.

Nikangoja Jumanne nyengine nihakikishe. Maana ukimwita mtu mwizi hujamshika, mwizi unakuwa wewe.

Na nyumbani maisha yanakwenda. Jumanne jioni mama akipika wali wa nazi. Mjomba wako Ame, akisema, kautuma kutoka shamba, Bumbwini. Nikila nikimwombea mjomba umri mrefu.

Jumanne ikafika.

Bwana Mcha keshahutubia. Pandu keshapimiwa. Wa pili keshapimiwa.

"Wa tatu!" nikaita.

Hakutokea mtu.

"Mwenyewe hayupo," akasema Bwana Mcha. "Pima, weka pembeni."

"Sipimi."

"Umesemaje?"

"Sipimi, Bwana Mcha. Leo nalirudisha kwao."

Nikatoka nyuma ya meza, nikaliokota kwa mikono mitupu. Foleni nzima ikavuta pumzi. Mama mmoja akamficha mwanawe ndani ya buibui. Nikakata uzi kwa meno, nikafungua kitambaa mbele za watu. Hamna hirizi. Hamna maandishi. Jiwe tupu.

Nikalibeba mpaka mlango wa ghala. Debe nikalisukuma huko kwa mguu, nikaliweka jiwe mahali pake. Saruji pale imelika kwa umbo lake, miaka na miaka. Likakaa kama jino kwenye fizi.

Mlango ukatulia.

Kutoka barazani kila mtu aliona.

"Kha!" Pandu huyo. "Kumbe siku zote tunaamkia kizuizi cha mlango!"

Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika, wakaanza kumwita, Mcha! Mcha weye! Hakuna tena wa kusema Bwana.

Nilidhani atakana. Hakukana. Aliingia ndani ya ghala, akaegemea magunia matupu karibu na mlango, akanitazama akitabasamu.

"Haya Mize, malizia. Waambie na huo mchele ulikwenda wapi."

"Mie nitajuaje?"

"Wali wa Jumanne kwenu mnaupata wapi?"

"Kwa mjomba wangu. Bumbwini."

"Mjomba wako analima mchele wa meli?"

Jamani.

Mchele wa Bumbwini punje yake fupi, ina wekundu. Nimeupepeta tangu mtoto. Ule niliokuwa nakula mweupe, mrefu, ndiyo huu huu ninaoupima kutwa. Jicho langu lililoona uzi kwenye jiwe halikuona punje kwenye sahani.

"Pishi moja yangu, pishi moja ya mama yako," akasema. "Nilijua una macho. Nikaona bora niyalishe."

Akashusha sauti, lakini watu wa mbele walisikia.

"Sasa chagua. Rudi upime, yaishe hapa hapa. Au toka, kazi huna na uso huna."

Foleni yote inanitazama. Kule mwisho Bi Mwanapili, pakacha mkononi.

Nikamtazama yeye.

"Ni kweli," nikasema, na nilisema kwa nguvu wa mwisho asikie. "Nimekula. Sikujua, lakini nimekula. Bi Mwanapili, wajukuu wako walipokosa, haki yao ilikuwa kinywani mwangu."

Nikainama, nikaling'oa jiwe. Nikapita nalo mstari mzima, mtu kwa mtu, nikaliweka nyuma ya Bi Mwanapili.

"Hili sasa lina mwenyewe. Langu mie. Na zamu yake ya mwisho."

Pa!

Mlango wa ghala. Jiwe limeondoka, upepo wa baharini umefanya kazi yake. Na Bwana Mcha yumo ndani.

Akagonga. Mtu mmoja akataka kwenda kumfungulia.

"Mwache," akasema Pandu. "Foleni ndiyo usawa. Angoje zamu yake."

Mie nikajifunga kanga, niondoke. Bi Mwanapili akanishika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Nnakwenda nyumbani, bibi. Nshafukuzwa."

"Na nani? Na mlango?" Akanigeuza begani. "Rudi ukapime. Jiwe lako nitakulindia."

Nikarudi, nikapima. Wa tatu siku hiyo alikuwa mtu. Bi Mwanapili nikamjazia pishi zake mbili, nikafuta kwa kiganja, juu hakuna punje ya kuzidi wala ya kupungua.

Zamu ya jiwe langu ikafika. Nikakung'uta gunia.

Vumbi.

Nyumbani mama keshakuna nazi, tui jeupe kwenye bakuli.

"Mjomba wako leo kachelewa."

"Mjomba leo kafungiwa ghalani."

Kifumbu cha kuchujia tui kikamsimama mkononi. Hakunitazama.

"Ulijua, mama?"

"Nilijua mchele hautoki shamba," akasema taratibu. "Unatoka wapi, sikuuliza."

Nikamenya muhogo, tukaupika kwa tui lile lile. Tukala.

Kamati ilikuja, Bwana Mcha akahamishwa. Nasikia huko alikokwenda bado anahutubia. Mie umeneja sikupewa, wala sikuuomba. Meneja mpya alipouliza jiwe la mlango, nikamletea debe. Jiwe liko kwangu, na kila Jumanne nilikuwa nakwenda nalo alfajiri, naliweka la mwisho, ndipo nashika pishi. Siku nyengine lilipata. Siku nyengi halikupata.

Kwa hiyo weye unayesoma hapa, mkubwa wako wa kazi akisimama barazani na maneno matamu, usihangaike na maneno. Tazama jiwe lake limekaa la ngapi.

Na ukishaliona, kabla hujapiga kelele, tazama na sahani yako.

Kisha piga kelele hivyo hivyo.