Nyumba Yangu Isiyo na Paa

Siku hizi mjukuu wangu amemaliza shule, anakaa kitako ananiuliza, "Bibi, nikasome nini?" kama mtu anayechagua kitambaa dukani. Zamani zetu mimi sikuulizwa nisome nini. Watu waliuliza nyumba yangu imefika wapi.

Maana sisi wenye asili ya Ngazija pale kisiwani Nosy Be, binti hangoji mume amjengee. Hujengewa na kwao, na mume ndiye anayehamia, na sanduku lake la nguo. Mtoto wa kike akizaliwa, mama huanza kukusanya mawe. Kuta zikisimama, watu huanza kuchungulia. Paa likipigiliwa, basi tena, posa zinaingia hata chokaa haijakauka. Na binti mwenye nyumba iliyokwisha, akakaa bila mume, ni aibu ya ukoo mzima.

Nyumba yangu ilikuwa na kuta tangu nilipofaulu mtihani wa sekondari ya chini. Kisiwani kwetu masomo yaliishia hapo. Aliyetaka zaidi alivuka kwenda Mahajanga, akaingia lise, yaani sekondari ya juu, na mwisho wake ulikuwa mtihani wa bakalorea. Ukiushinda, mlango wa chuo kikuu cha Antananarivo uko wazi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na redio kila siku ilisema nchi inahitaji walimu, inahitaji madaktari. Wallahi niliamini redio inasema na mimi. Nilitaka udaktari, nikautaka mpaka nikakonda.

Basi mama akanipeleka Mahajanga kwa mdogo wake wa kike, mtaa wa Mangarivotra, na nyumba akaiacha vile vile, kichwa wazi. Majirani wakamcheka. "Mama fulani, mwanao ataolewa na mvua?" Naye huwajibu kwamba mabati ni ghali, fundi anaumwa, mwezi huu si mzuri. Kila likizo nilikuta sababu mpya.

Ah, Mahajanga ile! Nikifumba macho naisikia harufu ya vumbi lake likinyeshewa. Asubuhi mama mdogo ananikatia mkate wa sinia ungali moto, ananifokea nisichelewe, kisha ananichelewesha yeye mwenyewe kwa kunisuka upya. Nyumbani Kingazija, sokoni Kimalagasi, darasani Kifaransa, na ole wako uchanganye. Mwalimu wetu wa hesabu alitoka Ufaransa, mwekundu kwa jua, akitota jasho mpaka chaki inalowa mkononi. Jioni tulikwenda ufukweni kupunga upepo, wasichana wa lise mkono kwa mkono, tukijifanya hatuwaoni wavulana. Tulikuwa tunawaona wote. Siku hizo nazitamani hadi leo, na sioni haya kusema.

Sasa mjomba. Mjomba alikuwa mdogo wa mama, mfanyabiashara hapo hapo Mahajanga, na kwetu neno la mjomba juu ya watoto wa dada yake ni zito kuliko la baba. Hakuwa mtu mbaya, nisieleweke vibaya. Alinipenda. Alikuja mpaka lango la lise na mishikaki imefungwa kwenye gazeti, akanitia aibu mbele ya wenzangu. Lakini ile nyumba isiyo na paa ilimkera. Aliona dada yake ameshindwa, na yeye ndugu wa kiume yupo na watu wanasema.

Mwaka mmoja kabla ya bakalorea, likizo ndefu imeanza, akanipandisha meli ya mizigo ya kurudi Nosy Be. "Nimekufungia zawadi humo," akasema, meno yote nje. Zawadi yenyewe ilikuwa mabati. Marundo ya mabati mapya, yanang'aa. Safari nzima nikakaa juu yake, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kukaa, nikijua nimekalia ndoa yangu. Nililia hadi baharia mmoja akadhani ni bahari inanisumbua, akaniletea ndimu.

Mama alikuwa gatini. Akayatazama mabati, akanitazama macho yalivyovimba. Wachukuzi wakamwuliza, "Yaende wapi, bibi?"

"Madrasa," mama akasema.

Kimbunga cha masika kilikuwa kimeng'oa makuti ya madrasa, watoto wakisoma Kurani chini ya turubai. Mama akasema kwa sauti, gati zima lisikie, kwamba ndugu yake wa Mahajanga ametoa sadaka. Mwalimu wa madrasa aliposikia alitokwa na machozi. Haukupita muda mabati yote yako juu.

Mjomba akaja kwa Maulidi. Jamani! Kila hatua anashikwa mkono. Akasomewa dua mbele ya watu wote, watoto wakaitikia amin mpaka kuta zikatikisika. Akaingia kwetu, akakaa, akasema, "Dada, yale mabati..."

"Mungu akuzidishie, mdogo wangu," mama akasema, akimmiminia chai.

Nani anadai sadaka irudi? Akanywa chai yake. Mimi nilikuwa jikoni nimejiziba mdomo kwa leso, mbavu zinauma.

Mwaka ukapita, nikafaulu bakalorea, na nafasi ya kwenda Antananarivo nikapata. Nilirudi nyumbani kuaga. Siku chache nyuma yangu mjomba akashuka melini, ana mabati mengine, na safari hii ana nyundo yake mwenyewe.

"Mtoto amesoma, alhamdulillahi, inatosha," akasema. "Huko Antananarivo kuna baridi, hatuna ndugu, nani atamwangalia? Mtu mwema ameshaniambia anamtaka." Akaegemeza ngazi ukutani, akapanda. Nilisimama uani.

Mama akaenda akashika ngazi kwa chini.

"Unakumbuka nyumba yangu mimi aliiezeka nani?"

Mjomba akacheka kule juu. "Si ni mimi mwenyewe! Nilikuwa kijana bado. Sikutaka fundi yeyote aguse."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

Akafikiri. "Ndani, labda. Na wanawake."

"Nilikuwa chumba cha ndani, chini yako hasa, na kitabu changu cha shule. Nilikuwa wa kwanza darasani, hilo ulilijua?"

Mimi mwenyewe sikulijua. Sikuwahi kumwona mama ameshika kitabu.

"Mbona hukuniambia, dada?" mjomba akasema, sauti imeshuka. "Ningekuwa nimeacha."

"Nilikuita," mama akasema. "Nilikuita kwa jina lako, tena na tena. Ulikuwa unagonga."

Mjomba akabaki pale juu, nyundo mkononi, kama hajui aiweke wapi. Kisha akashuka. Juma lile lile alinipeleka Antananarivo yeye mwenyewe, akaninunulia sweta.